Simu za mezani za intaneti kwa ofisi ndogo: namna ya kuchagua kabla hujatoa hela

Mwongozo huu ni wa mwenye ofisi ya watu watano hadi ishirini hivi: wakala wa forodha Kurasini, zahanati, ofisi ya mawakili, kampuni ya utalii Arusha, duka la jumla lenye stoo mbili. Maswali wanayoletewa mafundi mtandao ni yale yale. Ninunue Yealink au Grandstream? Nimepata Cisco iliyotumika kwa bei poa, nichukue? Simu nimeshanunua, mbona haina sehemu ya kuweka laini? Kuyajibu kwa vipande vipande hakumsaidii mtu, kwa hiyo hapa nayapanga kwa mfuatano ambao kazi yenyewe inautaka.

Jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni hili: simu ndiyo kitu cha mwisho kununua. Anayeanza na simu huishia kutafuta mtambo unaoendana nayo, swichi inayoweza kuiwasha na kampuni itakayokubali kuiunganisha, na kila hatua anaongeza hela ambayo hakuipanga. Anza upande wa pili, simu itajichagua yenyewe.

Nadharia kidogo tu

Simu ya mezani ya intaneti haichomekwi kwenye waya wa simu wa zamani, wala haiwekwi laini. Inachomekwa kwenye swichi au ruta kwa kebo ya mtandao, kama kompyuta, kisha inajisajili kwenye mtambo wa simu, ambao mafundi huuita PBX. Simu na mtambo huelewana kwa utaratibu unaoitwa SIP. Mtambo ndio unaojua nani ana namba ya ndani 101, nani 102, na simu ya nje itokee njia gani. Unaweza kuwa kisanduku kilichopo ofisini kwako, au ukaukodi kwa kampuni inayouendesha kwenye seva zake. Namba ya nje, yaani ile ya 022 ya Dar es Salaam, 027 ya Arusha, 020 ya Nairobi au 041 ya Mombasa, unapewa na kampuni yenye leseni ya mawasiliano.

Kwa hiyo vitu ni vitatu: simu, mtambo, na namba ya nje. Mtu akikuuzia kimoja akasema umemaliza, muulize hivyo viwili vingine viko wapi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Orodha ya watu wa ofisini, na mbele ya kila jina uandike anafanya kazi gani na simu: anapokea wageni, anapigia wateja, au anapigiwa mara mbili kwa wiki.
- Intaneti ya kudumu, ya faiba ikiwezekana. Bando la simu ya mkononi linalowashwa kwa hotspoti halifai.
- Mchoro wa ofisi, hata wa mkono, unaoonyesha meza zilipo na kebo za mtandao zinafika wapi.
- Neno la siri la kuingilia kwenye ruta. Wengi hawanalo, lilibaki kwa fundi aliyefunga. Litafute sasa.
- Bajeti iliyogawanywa mafungu: simu, swichi, kebo, UPS (betri inayoshikilia vifaa umeme ukikatika), na malipo ya kila mwezi. Kama fungu la simu limekula robo tatu ya hela yote, rudi uigawe upya.

Hatua ya 1: Hesabu mazungumzo, usihesabu meza

Ofisi ya watu 12 haina mazungumzo 12 kwa wakati mmoja. Keti mapokezi asubuhi moja yenye shughuli, uangalie ni wangapi wanaongea na watu wa nje kwa pamoja pale kazi inapokolea. Mara nyingi ni watatu au wanne. Idadi hiyo ndiyo utakayoitaja kwa kampuni ya namba, kwa sababu wengi hutoza kwa idadi ya njia za mazungumzo ya pamoja, si kwa idadi ya simu zilizopo mezani.

Hapo hapo futa majina ya watu wasiohitaji simu ya mezani kabisa. Dereva, afisa mauzo anayezunguka na meneja anayeshinda bandarini wanatosheka na programu ya simu kwenye simu zao za mkononi. Linphone na Zoiper ni mifano inayotumika sana. Programu hiyo inampa mtu namba ya ndani kama wenzake, na akipigiwa 105 inalia mfukoni mwake popote alipo, mradi ana intaneti.

Hatua ya 2: Pima intaneti kwa uthabiti, si kwa ukubwa

Mazungumzo mamoja kwa kodeki (namna ya kufungasha sauti) ya G.711, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Piga hesabu kwa kilobiti 100 ili ubaki na nafasi. Mazungumzo matano ni nusu megabiti tu. Kodeki ya G.729 inabana sauti hadi takriban kilobiti 31 pamoja na vifungashio vyake, inafaa palipo na intaneti finyu, lakini sauti inapungua uhai.

Kwa hiyo megabiti 10 zilizotulia zinashinda megabiti 100 zinazoyumba. Fungua kompyuta ya Windows na uandike `ping -n 200` ikifuatiwa na anwani ya seva ya kampuni unayoifikiria. Fanya hivyo saa nne asubuhi na tena saa tisa alasiri, ofisi ikiwa inafanya kazi. Angalia mambo mawili. La kwanza, pakiti zilizopotea: zikizidi moja kwa mia, sauti itakatakata. La pili, muda wa kwenda na kurudi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, katika pendekezo lake G.114 linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150. Kwa kipimo cha ping hiyo ni kama 300 kwenda na kurudi. Ukipita hapo watu wanaanza kuingiliana maneno, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

*Kosa la kawaida:* kupima usiku au Jumapili, ofisi ikiwa tupu. Kipimo hicho kinakudanganya.

Hatua ya 3: Chagua mtambo na kampuni ya namba

Mtambo wa kukodi ni mwepisi kuanza nao. Hununui seva, hulei mashine, unalipa kwa mwezi kwa kila namba ya ndani. Udhaifu wake ni kwamba intaneti ikikatika, hata kumpigia mwenzako wa chumba cha pili huwezi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota vibaya Tanzania na nchi jirani. Siku kama ile, ofisi yenye mtambo uliokodiwa Ulaya haina simu, na yenye kisanduku chake chini ya ngazi inaendelea kuzungumza ndani kwa ndani kama kawaida.

Mtambo wa kwako unaweza kuwa kisanduku kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa mfano Grandstream UCM6301, au kompyuta ndogo iliyowekwa FreePBX, ambayo imejengwa juu ya Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999. Programu ni bure, fundi si bure. Kama huna mtu wa karibu anayeielewa, kodi.

Kabla hujasaini na kampuni yoyote, waulize maswali haya na uandike majibu:

- Mnakubali simu yoyote ya SIP, au mnalazimisha ya kwenu?
- Seva zenu ziko nchi gani?
- Namba ya 022 (au ya mji wangu) ni yangu nikihama, au inabaki kwenu?
- Nikipiga 112 inapita? Mpangilio wa namba za dharura usiouliziwa mapema ndio unaogundulika siku ya moto.
- Ninaweza kuwekewa ukomo wa matumizi kwa siku?
- Nipeni orodha ya modeli mlizokwisha kuzijaribu.

Hiyo orodha ya mwisho ni dhahabu. Ikiwa kampuni inasema imejaribu modeli sita, chagua mojawapo ya hizo sita. Utapunguza zaidi ya nusu ya usumbufu wa siku ya kwanza.

*Tahadhari:* atakuja mtu kukushauri uweke kifaa cha kuingizia laini nyingi za simu za mkononi, ili simu zitoke kwa bei ya bando. Ukikitumia kupitisha simu za kimataifa umeingia kwenye biashara ya simboksi, yaani kupitisha simu za nje kwa magendo zionekane za ndani, ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, inaipiga vita. Usiguse kifaa hicho bila ushauri wa kampuni yenye leseni.

Hatua ya 4: Amua umeme utafikaje mezani

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo ofisi nyingi zinapopoteza faida yote ya mfumo huu.

Simu ya intaneti inahitaji umeme. Ile ya zamani ya waya ililishwa na kituo cha kampuni ya simu, ndiyo maana ilikuwa inalia hata TANESCO wakikata. Hii ya sasa ukiichomeka kwenye adapta ukutani, umeme ukikatika imekufa, pamoja na namba yako ya biashara. Suluhisho ni PoE, yaani umeme unaopita ndani ya kebo ile ile ya mtandao kutoka kwenye swichi. Unaweka UPS moja kwenye kabati la swichi, na simu zote za ofisi zinabaki hai bila kununua UPS kwa kila meza. Meza nazo zinapungukiwa adapta moja kila moja.

Kiwango unachotaka kinaitwa 802.3af. Kinatoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu la swichi, na simu ya kawaida ya mezani haizidi wati 7. Soma pia jumla ya wati za swichi nzima, si idadi ya matundu peke yake. Simu 8 kwa wati 7 ni wati 56, hivyo swichi ya matundu 8 ya PoE yenye jumla ya wati 60 inatosha kwa shida. Ukipanga kuongeza kamera au kifaa cha Wi-Fi kwenye swichi hiyo hiyo, chukua kubwa zaidi.

Mitego ni mitatu.

Wa kwanza ni swichi ya matundu 8 ambayo ni 4 tu yenye PoE. Imeandikwa kwenye boksi, kwa herufi ndogo.

Wa pili ni PoE isiyo ya kiwango, ile ya volti 24 inayokuja na antena nyingi za intaneti isiyo na waya. Haitawasha simu ya 802.3af, na haifai hata kuijaribu. Usiokote adapta iliyobaki kwenye mnara ukaichomeka kwenye simu mpya.

Wa tatu ni kebo. Sokoni zimejaa kebo za bei nafuu ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Data inapita, umeme unapita kwa kusuasua, na simu iliyo mbali inajizima na kuwaka yenyewe. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Unataka Cat5e ya shaba tupu.

Kuhusu UPS, orodhesha kila kifaa kilichopo kati ya simu na barabara: kisanduku cha faiba, ruta, swichi, na mtambo kama uko ofisini. Vyote viwe kwenye UPS. Kinachosahaulika ni kisanduku cha faiba, kwa sababu kimefungwa juu ya mlango na adapta yake iko kwenye soketi nyingine. Umeme unakatika, simu zinawaka vizuri, na hakuna inayopiga nje.

Hatua ya 5: Mpe kila mtu simu ya kazi yake

Sasa ndiyo tunafika kwenye simu zenyewe. Usinunue modeli moja kwa wote kwa sababu ya kufanana, wala usimpe bosi ya gharama kwa sababu ni bosi.

Mapokezi ndipo pa kuweka hela. Huyu anahitaji vitufe vyenye taa vinavyoonyesha nani yuko kwenye mazungumzo na nani yuko huru, ili asimhamishie mteja kwenye simu inayoongea. Anahitaji skrini inayosomeka kwa mbali, na tundu la hedseti. Anayeshika mkonga wa simu siku nzima huku akiandika ataumwa shingo. Hedseti nzuri kwake ni chombo cha kazi. Angalia kwamba hedseti unayonunua imeandikwa kuwa inaendana na simu hiyo, kwa sababu tundu dogo la RJ9 linafanana kwa nje huku mpangilio wa nyaya ukitofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Wafanyakazi wengine wanatosheka na simu ndogo ya akaunti mbili. Na hapa niondoe mkanganyiko: simu iliyoandikwa "laini 2" haina maana ya laini mbili za kadi, wala haina maana kwamba unalipa laini mbili. Ni idadi ya akaunti za SIP inazoweza kusajili. Mtu mmoja anatumia akaunti moja, na kwa akaunti hiyo hiyo anaweza kumsubirisha mteja mmoja akapokea mwingine. Kumnunulia mhasibu simu ya laini 6 ni hela ya bure.

Stoo, jikoni au getini weka simu isiyo na waya ya DECT, au tumia simu ya zamani uliyonayo kwa kuiunganisha na adapta ya ATA kama Grandstream HT801, inayochukua simu moja. Ukiagiza DECT kutoka nje, hakikisha ni ya masafa ya Ulaya, 1880 hadi 1900 MHz. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia 1920 hadi 1930 MHz. Ziache huko huko.

Skrini ya kugusa, kamera na Android kwenye simu ya mezani, kwa ofisi ndogo, sioni kazi yake. Sauti ya G.722, inayotangazwa kama HD, ni nzuri na simu nyingi za sasa zinayo, ila faida yake utaisikia hasa mnapopigiana ndani. Simu ya kwenda nje kwa kawaida hurudi kwenye sauti ya kawaida.

Hatua ya 6: Soma herufi ya mwisho ya modeli

Tofauti ya herufi moja au tarakimu moja ndiyo inayowaliza watu. Grandstream GXP1610 haina PoE, GXP1615 inayo. GRP2601 haina, GRP2601P inayo. Kwa Yealink, T31 haina PoE, T31P inayo, na T31G inayo pamoja na matundu ya gigabiti. Muuzaji akikwambia "ni ile ile", mwambie akuonyeshe boksi.

Tundu la pili la mtandao nyuma ya simu ni la kuchomekea kompyuta, ili meza itumie kebo moja. Ni jambo zuri sana kwenye ofisi ya kupanga ambako mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe. Lakini simu ya matundu ya megabiti 100 inaibana na kompyuta iliyo nyuma yake hadi megabiti 100. Kwa mtu wa barua pepe si tatizo. Kwa mchora ramani anayevuta mafaili makubwa kutoka kwenye seva ya ofisi, nunua ya gigabiti.

Uliza pia kama adapta ya umeme imo ndani ya boksi. Modeli nyingi za PoE huuzwa bila adapta. Na muulize muuzaji kama modeli ina idhini ya TCRA kwa Tanzania, au ya CA, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya, kwa Kenya.

Hatua ya 7: Kama ni simu iliyotumika, ikague hivi

Simu zilizotumika zinaingia kwa wingi kutoka Dubai na Uingereza, na baadhi ni nzima kabisa. Tatizo si kuchakaa. Tatizo ni kufungwa.

Cisco 7940 na 7960 ni za zamani, Cisco wenyewe hawazihudumii tena, na nyingi zimekuja na programu ya SCCP inayozungumza na mtambo wa Cisco peke yake. Cisco za mfululizo wa 7800 zipo za aina mbili zinazofanana sura: za mtambo wa Cisco, na za SIP ya wazi ambazo namba yake ya bidhaa ina 3PCC. Bila hizo herufi, usinunue. Avaya nyingi za zamani zinatumia H.323, si SIP.

Halafu kuna kifungo kisichoonekana. Watengenezaji kama Yealink, Grandstream na Fanvil wana seva zao ambazo simu huziuliza inapowashwa: mimi ni ya nani? Kama mmiliki wa kwanza aliisajili huko na hakuiondoa, simu itavuta mipangilio yake kila ukiifuta. Kwa hiyo mbele ya muuzaji ifute irudi ilivyotoka kiwandani, ichomeke kwenye mtandao wenye intaneti, na usubiri kama dakika kumi. Ikileta nembo ya kampuni nyingine, au ikikataa neno la siri la kiwandani, muachie mwenyewe.

Hatua ya 8: Nunua mbili kwanza

Moja ya mapokezi, moja ya kawaida. Ziunganishe kwenye mtambo na zitumie kwa kazi halisi wiki nzima. Jaribu kupokea, kusubirisha, kuhamisha kwa kuzungumza kwanza na kuhamisha moja kwa moja, kupiga simu ya mkononi, kupiga nje ya nchi kama mnafanya hivyo. Kwenye FreePBX piga *43 ujisikie mwenyewe. Sauti ikirudi safi, njia kati ya simu na mtambo ni nzima. Mpe simu mtu wa mapokezi bila kumfundisha, umwambie ahamishe simu kwenda 102. Akihangaika sana, modeli hiyo haimfai hata kama wewe unaipenda.

Baada ya wiki hiyo ndipo ununue zilizobaki, zote kwa pamoja.

Hatua ya 9: Funga, kisha funga milango

1. Badili neno la siri la kiwandani la kila simu. Simu nyingi zimetoka kiwandani na admin/admin, na kila mwizi anajua.
2. Kila namba ya ndani iwe na neno la siri refu lisiloweza kubahatishwa. Namba ya ndani 101 yenye neno la siri 101 huvamiwa, kisha usiku kucha inapiga nchi za mbali kwa gharama yako.
3. Zuia simu za kimataifa kwa wote, ufungulie wachache wanaozihitaji. Weka ukomo wa siku ulioulizia kwenye hatua ya 3.
4. Zima SIP ALG kwenye ruta, yaani kipengele kinachobadilisha ujumbe wa SIP unaopita humo. Jina lake linaahidi msaada, kazi yake ni kuharibu. Kwenye MikroTik ingia IP, kisha Firewall, kisha Service Ports, uzime mstari wa sip.
5. Ipe sauti kipaumbele kwenye ruta, ili mtu akipakua video simu zisikatike. VLAN, yaani kutenga mtandao wa simu na wa kompyuta, kwa ofisi yenye simu chini ya kumi si lazima.
6. Sasisha programu ya ndani ya simu, na weka saa GMT+3.
7. Andika kwenye daftari: namba ya ndani, jina la mtu, MAC ya simu (namba yake ya mtandao iliyotoka kiwandani), tundu la swichi. Daftari likae ofisini.

Ikigoma

*Haiwaki.* Chomeka simu kwenye swichi kwa kebo fupi unayoiamini. Ikiwaka, kosa ni kebo ya ukutani. Isipowaka, angalia kama tundu hilo lina PoE na kama modeli yenyewe inapokea PoE. Mwisho, hakikisha kebo imeingia tundu la mtandao na si lile la kompyuta, yanakaa jirani.

*Imewaka lakini haijisajili.* Tafuta msimbo kwenye skrini au kwenye ukurasa wa simu. 403 mara nyingi ni jina la akaunti au neno la siri lililokosewa. 408 ni kwamba seva haikujibu: anwani imekosewa, au ruta imezuia njia.

*Mmoja anasikia, mwingine hasikii.* Karibu kila mara ni ruta, si simu. Anza na SIP ALG. Ikiwa umeizima na bado, mwambie mwenye mtambo akague mipangilio ya NAT (namna vifaa vingi vya ndani vinavyotumia anwani moja ya nje) kwa akaunti yako. Ofisi zilizo kwenye ruta ya laini ya simu ya mkononi huyaona haya zaidi, kwa sababu mitandao hiyo huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje.

*Mazungumzo yanakatika kwenye sekunde ya 30 au 32.* Alama hii inajitambulisha. Upande mmoja ulituma ujumbe wa kuthibitisha kwamba simu imepokelewa, ujumbe haukufika, na baada ya sekunde 32 mtambo ukakata. Tiba ni ile ile ya juu: ALG na NAT.

*Yanakatika kwenye dakika ya 15 kila mara.* Hapa ni kipima muda cha mazungumzo cha SIP kinachoshindwa kuhuishwa. Mpe mwenye mtambo taarifa hiyo hiyo, "dakika 15 kamili", naye atajua pa kugusa.

*Sauti inakatakata.* Piga namba ya ndani kwa ndani. Ikiwa safi, tatizo liko kwenye intaneti. Rudia kipimo cha hatua ya 2 wakati tatizo linatokea. Ikikatakata hata ndani, angalia kebo na swichi, na kama mtambo ni wa kukodi kumbuka kwamba hata ya ndani inapita nje.

*Unajisikia mwangwi wako mwenyewe.* Chanzo kiko upande wa mwenzako, kwa kawaida spika yake inaingia kwenye maikrofoni yake. Mwambie apunguze sauti au anyanyue mkonga. Kubadilisha simu yako hakutasaidia.

*Za ndani zinapiga, za nje hazitoki.* Jaribu kuandika namba kwa namna tatu: kuanzia na 0, na 255, na +255 (Kenya 254). Ikitoka kwa namna moja, mtambo unahitaji kanuni ya kubadilisha namba kabla ya kuitoa. Kama hakuna inayotoka, angalia salio na ukomo wa siku.

*Inalia usiku, ukipokea hakuna mtu, na namba inayoonekana ni 100 au 1000.* Ni programu za wezi zinazozunguka intaneti zikitafuta simu zilizo wazi. Tafuta kwenye simu mpangilio wa kupokea simu kutoka kwa seva yako tu, uuwashe. Kisha angalia ruta: kama mtu alifungua mlango wa 5060, unaotumiwa na SIP, kwa dunia nzima, ufunge.

Ukishindwa na yote, unapomwita fundi mpe namba ya modeli kamili pamoja na herufi zake za mwisho, toleo la programu ya ndani, msimbo uliouona, saa kamili ya tukio, na namba iliyokuwa inapigwa. "Simu inasumbua" itamchukua siku nzima. "GRP2601P, saa 4:12 asubuhi, ilikatika sekunde ya 32" huenda akaitibu akiwa bado kwake.